Nimechoka na anime za mapambano, nitazipataje zile zisizotajwa?

Shikamooni kaka na dada zangu wa safu ya katuni,

Mimi ni kijana wa miaka 22, niko Tanga. Anime, yaani katuni za video za Kijapani, nimeanza kuangalia tangu sekondari. Nimemaliza Naruto, Bleach, Demon Slayer, Jujutsu Kaisen na Attack on Titan, na One Piece naifuatilia mpaka leo. One Punch Man niliipenda sana, hasa msimu wa kwanza. Sasa hivi nikifungua anime mpya, episodi ya kwanza tu nimeshajua kitakachofuata: kijana mnyonge mwenye nguvu iliyojificha, mwalimu mkali, mashindano, adui anayegeuka rafiki. Nikiwauliza wenzangu wananitajia majina yaleyale. Kibandani ninakojazia flashi nako ni hivyohivyo.

Rafiki mmoja aliniambia nijaribu Serial Experiments Lain kwa sababu ni ya ajabu. Niliishia episodi ya pili. Sikuelewa kitu, na nimebaki najiuliza kama tatizo ni langu.

Naangalia kwenye simu, bando langu ni dogo, na Kiingereza cha maandishi ya chini nakisoma ila si haraka. Manga, yaani katuni za Kijapani za kusoma, sijawahi kusoma. Halafu nyumbani nina wadogo zangu, wa mwisho yuko darasa la tano, wanapenda kukaa pembeni yangu nikiwa naangalia. Naomba mnielekeze: nitazitafutaje kazi za tofauti bila kumaliza bando kwa kubahatisha? Na huku kwetu hakuna kitu cha namna hiyo?

Mpenda anime, Tanga

*

Marahaba, mdogo wetu.

Tatizo si lako, na wala hujaichoka anime. Tazama orodha uliyotuandikia. Naruto, Bleach, One Piece, Demon Slayer na Jujutsu Kaisen zote zilianza kama manga ndani ya jarida moja, Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha. One Punch Man ilianza kama katuni ya mtandaoni, na ile iliyochorwa upya ni ya tovuti ya kampuni hiyohiyo. Ni Attack on Titan peke yake iliyotoka kwingine, kwa kampuni ya Kodansha. Umekunywa miaka yote hii maji ya kisima kimoja, ndiyo maana ladha unaijua kabla hujaonja.

Na ladha hiyo ina sababu zake. Jump hutoka kila wiki, na kila sura ina kurasa zipatazo 19. Wasomaji hupigia kura hadithi wanazozipenda, na hadithi mpya isiyopata kura huondolewa mapema, pengine baada ya miezi michache. Mtunzi aliye katika hali hiyo hana nafasi ya kukaa kimya. Lazima kila sura iishe na jambo la kumvuta msomaji arudi wiki ijayo, na pambano ndilo jambo rahisi kuliko yote. Mashindano yanampa wahusika wengi kwa mpigo, na mafunzo yanampa sababu ya pambano lijalo. Hatusemi kazi hizo ni mbaya, nyingine ni nzuri mno. Ila ukitaka kitu cha tofauti, usianze kwa kutafuta jina la hadithi. Tafuta jarida jingine na watu wengine.

Tuanze na majarida. Japani manga nyingi huzaliwa jaridani kabla ya kuwa juzuu, na kila jarida lina wahariri wenye tabia yao. La kulikariri kwanza ni Monthly Afternoon la Kodansha. Hutoka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mtunzi ana muda wa kupumua, na hadithi zake zinapumua pia. Humo ndimo ilimokaa Mushishi ya Yuki Urushibara, ndimo ilimokaa Land of the Lustrous ya Haruko Ichikawa, na ndimo Yokohama Kaidashi Kikou ya Hitoshi Ashinano ilimoendelea kuanzia 1994 hadi 2006, hadithi ya roboti anayeendesha mgahawa wa kahawa katika dunia inayozama polepole, isiyo na adui hata mmoja. Mfano mzuri zaidi kwako ni Vinland Saga ya Makoto Yukimura. Ilianza 2005 katika jarida la kila wiki, Weekly Shonen Magazine, kasi ikamshinda mwandishi, na kabla mwaka haujaisha ikahamia Afternoon. Ukiangalia anime yake utaelewa kwa nini tunazungumzia majarida: msimu wa kwanza, episodi 24, umejaa vita na visasi kama ulivyozoea, msimu wa pili, episodi 24 nyingine, shujaa ni mtumwa shambani, anang'oa visiki na kujifunza kutopiga mtu. Tungekushauri uipitie hiyo mapema, kwa sababu inaanzia mahali unapopajua.

Jarida la pili ni Harta la Kadokawa. Waliomo wanapenda kuchora vitu kwa undani: vyakula, mavazi, nakshi za mbao. Delicious in Dungeon ya Ryoko Kui ilitoka huko, juzuu 14, na anime yake ya 2024 iko Netflix. La tatu ni IKKI la Shogakukan, lililofungwa 2014 lakini kazi zake zipo, kama Dorohedoro ya Q Hayashida na Children of the Sea ya Daisuke Igarashi. Ukifika mbali kabisa utakutana na Garo, jarida lililoanzishwa 1964 na Katsuichi Nagai na kukoma 2002. Yoshiharu Tsuge alichapisha humo Nejishiki mwaka 1968, hadithi fupi inayokwenda kama ndoto ya mtu mwenye homa. Hiyo usiiguse sasa, jina tu likae kwenye daftari.

Kulijua jarida la kazi yoyote ni kazi ya dakika moja. Fungua ukurasa wa Wikipedia wa kazi uliyoipenda, kwa Kiingereza, uangalie kisanduku cha pembeni (kwenye simu huwa juu). Kuna mstari unaotaja mchapishaji na mwingine unaotaja jarida. Bonyeza jina la jarida, kisha shuka hadi kwenye orodha ya hadithi zilizowahi kuchapishwa humo. Chagua tatu usizozijua, soma aya ya kwanza tu ya kila moja, na uishie hapo, maana sehemu ya kisa (Plot) huanika mwisho wote. Ukurasa wa maandishi hauli hata megabaiti chache, kwa hiyo uchunguzi huu wote hauli bando kama episodi moja inavyokula.

Sasa watu. Wapenzi wengi wa anime hufuata studio, na hapo ndipo wanapopotea. Madhouse ilitengeneza Death Note, Monster, One Punch Man ya kwanza na Sonny Boy. Ukiipenda moja hakuna sababu yoyote ya kuipenda nyingine, kwa kuwa studio ni ofisi na ratiba, na wachoraji wengi wa anime hufanya kazi kwa mkataba wakihama toka kazi moja hadi nyingine. Anayebeba ladha ni mwongozaji. Mwishoni mwa episodi, majina yanapopita, simamisha picha utafute alama hizi: 監督. Jina lililo karibu nazo ndilo la mwongozaji. Ukiona episodi moja imekuvutia kuliko nyingine zote za mfululizo huo, tafuta 絵コンテ, yaani aliyechora mpango wa picha wa episodi hiyo. Mara nyingi ndiye mwongozaji mkubwa wa kesho.

Tukuonyeshe kwa kitu unachokipenda mwenyewe. Msimu wa kwanza wa One Punch Man, wa 2015, uliongozwa na Shingo Natsume. Msimu wa pili ulipewa mwongozaji mwingine na studio nyingine, ndiyo maana hata wewe umeutaja wa kwanza peke yake. Mfuate Natsume. Mwaka 2021 alitoa Sonny Boy, episodi 12, hadithi aliyoitunga mwenyewe: darasa zima la wanafunzi linajikuta limeelea nje ya dunia pamoja na shule yao, baadhi yao wakiwa na uwezo wa ajabu, na hakuna anayejua sheria za mahali hapo. Mwaka 2022 akaongoza Tatami Time Machine Blues, ambayo inatokana na kazi ya zamani zaidi, The Tatami Galaxy ya 2010. Hiyo iliongozwa na Masaaki Yuasa. Ukifika kwa Yuasa umefika penyewe. Mtu huyu huchora miili inayonyooka na kupinda kama inavyohisi mhusika, si kama ilivyo kwenye kioo. Mwaka 2014 alitengeneza Ping Pong the Animation, episodi 11 tu, kutokana na manga ya Taiyo Matsumoto ya 1996 na 1997. Ni mashindano, ndiyo, lakini ya tenisi ya mezani, na kinachosimuliwa ni nini kinamkuta mtu baada ya kugundua kwamba hana kipaji alichodhani anacho, na kinamkuta nini yule mwenye kipaji asiyejali kushinda. Mistari inatetemeka, nyuso hazijapambwa. Wengi huifunga dakika ya tano wakidhani imechorwa vibaya. Angalia mikono na miguu wakati mpira unachezwa: uzito wa mwili uko mahali pake kila mara. Matsumoto naye atakupeleka kwenye Tekkonkinkreet, watoto wawili wa mitaani katika mji unaomezwa na majambazi, na kwenye Sunny, ambayo ilianzia katika IKKI tuliyokutajia. Kutoka One Punch Man hadi hapo umepita mikononi mwa watu watatu tu, na hukuhitaji orodha ya mtu yeyote.

Mwongozaji wa pili wa kumfuata ni Satoshi Kon. Alifariki 2010 akiwa na miaka 46, akaacha filamu nne na mfululizo mmoja, hivyo unaweza kumaliza kazi zake zote. Anza na Tokyo Godfathers ya 2003, watu watatu wasio na makazi wanaookota mtoto mchanga usiku wa Krismasi. Kisha Millennium Actress, kisha Paprika. Perfect Blue ya 1997 na mfululizo wa Paranoia Agent acha mwisho, tena uangalie peke yako.

Kuhusu Lain: kazi hiyo ya 1998 inamtaka mtazamaji akubali kutoelezwa mambo kwa muda mrefu, na uzoefu wako wote ni wa hadithi zinazojieleza kwa sauti. Anza na kazi ambazo kila episodi inajitegemea. Mushishi ya 2005 ina episodi 26 katika msimu wake wa kwanza. Mhusika wake mkuu, Ginko, anatembea kijiji hadi kijiji akiwasaidia watu waliosumbuliwa na viumbe wasioonekana, na kila episodi ina mwanzo na mwisho wake. Usiangalie tano mfululizo, zitakuchosha. Moja kwa usiku inatosha, na isikilize kwa earphone kwa sababu nusu ya kazi iko kwenye sauti. Baada yake chukua Kino's Journey ya 2003, episodi 13, msafiri anayekaa siku tatu katika kila nchi kisha anaondoka. Mwongozaji wake ni Ryutaro Nakamura, yuleyule wa Lain. Ukishazoea ukimya wake hapo, rudi kwa Lain, utakuta umeshaijua sauti yake.

Mononoke ya 2007, episodi 12, nayo tunaipenda sana. Muuza dawa mwenye upanga hawezi kuuchomoa mpaka ajue umbo la pepo, ukweli wa kilichotokea na sababu yake. Kwa hiyo kila kisa ni upelelezi. Zingatia mambo mawili. Kwanza, usiichanganye na Princess Mononoke, filamu ya mwongozaji Hayao Miyazaki ya 1997. Kibandani watakujazia hiyo bila kuuliza. Pili, picha zake zimejaa nakshi za karatasi na vitambaa. Kwenye ubora wa chini wa picha, kama 240p, nakshi hizo hugeuka matope na huoni dalili ambazo kisa kinazitegemea. Kama utatumia bando zuri kwa kazi moja tu, litumie hapa.

Kwa zilizobaki, ubora wa chini unatosha. Netflix yenyewe inakadiria GB 0.3 kwa saa kwenye kiwango cha chini na GB 0.7 kwenye kiwango cha kati. Episodi ya dakika 24 basi ni kama MB 120 au MB 280, na mfululizo wa episodi 12 ni GB 1.4 au GB 3.4. Badilisha kiwango hicho kwenye mipangilio ya Netflix kabla hujaanza, na kama mtandao wako una bando la usiku, pakua wakati huo. Episodi 11, 12 au 13 ni urefu wa robo mwaka wa televisheni ya Japani, na kazi nyingi za ajabu zimo humo, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumpa mwongozaji wa namna hiyo episodi 100. Ukichuja kwa urefu huo peke yake umeshaondoa vurugu nyingi.

Ile kanuni ya kuangalia episodi tatu kabla ya kuamua, usiitumie kila mahali. Kwa mfululizo wa visa vinavyojitegemea, episodi moja yoyote inatosha kukupa jibu. Kwa Odd Taxi ya 2021, episodi 13, hata tatu hazitoshi. Dereva wa teksi mwenye sura ya walarasi (mnyama mkubwa wa bahari za baridi) anazungumza na abiria, na mazungumzo yanayoonekana ya kupoteza muda ndiyo yanayofungua kisa baadaye, hivyo usiruke hata dakika na usisome maoni ya watu. The Tatami Galaxy ina shida nyingine: msimuliaji anasema kwa kasi ya ajabu, na maandishi ya chini hujaa mistari miwili yakapotea kabla hujafika katikati. Kwa kuwa umesema husomi haraka, iache hadi uwe umezoea, au simamisha picha bila aibu. Kamwe usiongeze kasi ya video kwenye kazi za aina hii. Kimya kimewekwa makusudi.

Manga usiiogope, tena kwa bando lako ni nafuu kuliko video. Soma kutoka kulia kwenda kushoto: anza na fremu ya juu kulia, na ndani ya fremu anza na kiputo cha maneno cha kulia. Kosa la kila anayeanza ni kukimbilia viputo na kuacha michoro. Jizoeze kuitazama picha kwanza, kisha maneno. Ukurasa ukiwa umechorwa kuunganisha kurasa mbili, laza simu, la sivyo utasoma nusu. Programu ya Manga Plus ya Shueisha hukupa bure sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni za hadithi nyingi zinazoendelea. Ni kampuni ileile ya Jump, lakini sura tatu zinatosha kupima mtunzi. Ukitaka kazi ndefu ya kuanzia, tungekupa Monster ya Naoki Urasawa. Daktari Tenma, mpasuaji Mjapani mjini Düsseldorf, anaokoa maisha ya mtoto badala ya meya, na miaka baadaye anajua alimwokoa nani. Anime yake ina episodi 74, manga juzuu 18. Soma manga.

Wadogo zako ni jambo la kulitilia maanani. Katika eneo hili la anime, mchoro wa kitoto hauna maana kwamba kazi ni ya watoto. Kaiba ya Yuasa ina wahusika wa mviringo wenye macho makubwa, na ndani yake kuna biashara ya miili ya watu. Made in Abyss ina watoto kwenye jalada na mateso ya watoto ndani. Dorohedoro ina damu kila episodi. Wakikaa nawe, weka Mushishi au Delicious in Dungeon, na hata hizo tangulia kuangalia wewe.

Umeuliza kuhusu kwetu. Vipo. Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni uliotoka Disney+ mwaka 2023, una kazi za Waafrika kutoka nchi mbalimbali, pamoja na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda na Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Shujaaz ya Kenya, jarida la katuni kwa Sheng, lipo tangu 2010. Lakini tunachotaka ukione kwa macho yako ni kazi ya Barly Baruti, mchoraji mzaliwa wa Kisangani. Pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie alitoa Madame Livingstone mwaka 2014, hadithi ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika. Ofisa wa Kibelgiji anatafuta namna ya kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, meli ambayo mpaka leo tunaiita MV Liemba. Anayemwongoza ni mwenyeji anayevaa sketi ya Kiskoti na kujiita mwana wa Livingstone. Rangi zake ni za maji, na ziwa lenyewe linabadilika ukurasa hadi ukurasa kulingana na saa ya siku. Kwa asili ni ya Kifaransa, kwa hiyo ukipita Dar es Salaam, maktaba ya Alliance Française ni mahali pa kwanza pa kuulizia.